Mamba Mwenye Masikio

Baba yangu, Mzee Zedekiah Muse, ana umri wa miaka themanini na mmoja. Meno yake kadhaa yameshaaga, lakini hasira zake zote bado ziko mahali pake. Mimi ndiye niliyezirithi, kwa hiyo ninazijua vizuri.

Jumatano moja binamu yangu alituma picha kwenye kikundi cha ukoo, kwa simu. Nilikuwa jikoni kwangu huko Tassia, Nairobi, ninapoishi na wazazi wangu wote wawili, nikipanga trei za mayai ya kuwapelekea wenye vibanda vya Pipeline, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Nikasikia meza ikigongwa.

"Koki! Njoo unisomee hapa. Miwani hii inanidanganya."

Nikaenda, nikasoma. Picha ilionyesha kiti kirefu cha mbao nyeusi, kimechongwa kwa mfano wa mamba aliyelala, kimewekwa chini ya paa dogo la mabati katika bustani. Kando yake palikuwa na kibao: *Kiti cha Mamba. Kimetengenezwa kwa mataruma ya reli, mwaka wa 1979. Mchongaji hajulikani.*

"Hajulikani?" Baba akauliza. "Hajulikani na nani?"

Kiti hicho kiko Landi ya Mtoni, mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa reli nyuma ya Makongeni, ambako mimi nilizaliwa. Mchana Baba alikuwa karani wa stoo ya reli, na jioni alikuwa mchongaji kama baba yake kule Wamunyu, Ukambani. Tangu nipate akili nimeisikia hadithi ya kiti hicho. Msimamizi wa mtaa alitaka kiti cha kukaliwa na wakubwa siku ya kufungua ukumbi. Akatoa mataruma makuukuu, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, magumu kiasi cha kuvunja shoka. Wachongaji wengine wakayatazama wakakumbuka wana kazi nyingine. Zedekiah akasema, "Leteni." Hadithi ilikuwa ikiishia hapo kila mara, kwa mtu kupiga paja lake. Sasa wakazi wa leo wa Landi wamesafisha ukingo wa mto, wameufanya bustani ya watu wote, na kiti kimetolewa stoo ili wageni wakione.

"Baba, hicho ni kibao tu," nikasema. Nilikuwa na mayai ya watu.

Baba akaiweka miwani mezani.

"Koki, nimechonga tembo wangapi? Twiga wangapi? Wote walipanda ndege. Wako Ujerumani, wako Amerika, wamesimama juu ya makabati ya watu nisiowajua. Kitu kimoja tu kimebaki Nairobi ninachoweza kwenda nikakigusa kwa mkono wangu. Hicho nacho wanasema mwenyewe hajulikani. Nikifa, wajukuu zangu watagusa nini?"

Niliona haya kwa kusema vile, nikaacha mayai, nikapiga simu kwa namba iliyokuwa chini ya kibao. Mama yangu, Wayua, alikuwa dirishani akichambua ndengu. Hakusema neno, na nilidhani hana la kusema.

Aliyepokea simu ni msichana aitwaye Shiku, anayewatembeza wageni bustanini.

"Sasa madhee," akanisalimu. Nilipomweleza habari za baba yangu akasema, "Enyewe tungependa kujua ni nani alichonga hiyo kitu. Lakini skiza, vibao zote zinapakwa rangi upya Sato, tunafungua rasmi Sande. Kama guka ako na ushahidi, akuje Sato kabla fundi amalize. Akimaliza, hiyo imeenda."

"Ushahidi ninao," Baba akapaza sauti kutoka mezani. "Mwambie uko chini ya tumbo la mamba!"

Na kweli alikuwa nao. Wachongaji wa Landi walikuwa na kikundi chao, na kila mwanachama alikuwa na namba. Ukimaliza kazi, unaipindua, unachoma namba yako kwa msumari wa moto mahali pasipoonekana. Namba ya Baba ilikuwa mia moja arobaini na saba. Anaitumia hata leo, na sifuri mbele, kufungulia simu yake, na ameitangaza mara nyingi mno kiasi kwamba mtaa mzima wa Tassia unaweza kuifungua.

Jumamosi asubuhi Baba alivaa suti ya kanisani. Mama alivaa gauni la maua, akatoa begi kubwa kiasi cha kubeba mbuzi.

"Mwaitu, begi la nini?" nikamuuliza Mama.

"La maji ya kunywa."

Nikacheka. Mama hawezi kupita kwenye bustani ya mtu bila kukwanyua kijiti cha ua akapande. Haombi. Anasema ua la kuomba hunyauka kwa aibu, lakini la kuiba hushika siku ile ile. Baraza yangu imejaa maua yaliyotoka makanisani, hospitalini, na moja nimekatazwa kabisa kusema lilitoka wapi.

Akatumiminia chai. Birika alilishika kwa mkono wa kushoto, kama alivyozoea asiporekebishwa.

"Mkono wa kulia, Mama Koki," Baba akasema bila kuinua macho.

Amemwambia hivyo tangu kabla sijazaliwa. Mama akahamisha birika mkono wa kulia na kumwaga chai kwenye sahani, kama kawaida, na Baba akapangusa, kama kawaida.

Nikawapakia kwenye Probox yangu ya mayai. Njiani Baba alifanya mazoezi ya hotuba, Mama akasinzia, nami nikagombana na dereva mmoja wa lori ambaye sitaki kumzungumzia.

Landi ya Mtoni ilinishangaza. Nilikumbuka safu za nyumba za mawe za chumba kimoja, paa za vigae vyekundu, na nyuma yake mteremko wa taka uliokuwa ukiangukia mtoni. Nyumba bado zipo, na moshi wa watu bado unatoka. Lakini ule mteremko wa taka sasa ni ngazi za bustani. Wamepanda mianzi kushikilia ukingo, wametengeneza njia kwa vipande vya vigae vilivyovunjika, wamepanda maua ndani ya matairi. Chini kabisa mto unapita, na siwezi kudanganya kwamba unanukia marashi, ila mabata watatu walikuwa wakiogelea humo bila kulalamika.

Shiku alitupokea langoni, binti wa miaka ishirini na kitu, nywele za rasta, gambuti za manjano.

"Guka, shosh, karibuni sana! Leo mko na wenzenu," akasema, akatuonyesha akina mama wa kanisa moja la mtaa wa Huruma, kama kumi na wawili, wamejifunga leso zinazofanana. "Tutaanza na nyumba, tushuke bustani, tumalizie na kiti. Fundi anapaka vibao huko chini. Msijali, guka, nimemwambia asiguse ya mamba mpaka tufike."

Baba hakutaka nyumba wala bustani. Alitaka kiti. Lakini alikaa miaka thelathini kwenye ofisi ya serikali, na anaheshimu foleni.

Nyumba ya kwanza imepangwa kama zilivyokuwa zamani: kitanda cha chuma, sanduku la bati, redio, jiko la makaa, na kalenda ya reli ukutani. Shiku akaeleza vizuri sana. Mama akanyanyua mkono.

"Mwanangu, jiko halikuwa hapo."

"Lilikuwa wapi, shosh?"

"Lilikuwa nje mchana, mlangoni jioni, na chini ya kitanda mwisho wa mwezi, kwa sababu hakukuwa na makaa." Akina mama wa Huruma wakaangua kicheko. Mama akanogewa. Akawaonyesha mahali pazia lilipogawanya chumba na mahali watoto walipolala. Kisha akasimama katikati ya sakafu. "Na hapa ndipo palikuwa pa kazi."

"Kazi gani?" mmoja akauliza.

"Ya msasa. Wanaume wanachonga nje, wanawake wanasugua ndani. Tembo mmoja kwa siku, na mtoto mgongoni." Akamtazama Baba. Baba akaanza kuisoma kalenda ya mwaka wa 1979 kama aliyepewa mtihani.

Tukashuka bustanini. Kila Shiku alipotaja jina la mmea, begi la Mama lilifunguka kidogo. Nilihesabu vijiti sita kabla ya kufika kwenye mianzi, halafu nikaacha, maana mtoto hapaswi kumhesabia mamake makosa.

Hatimaye kiti. Kilikuwa kikubwa kuliko nilivyokikumbuka, urefu wa watu wanne wakikaa. Mkia umejikunja upande mmoja, mgongo umelainishwa na makalio ya watu wengi, na kichwa kimeinuka upande wa pili, mdomo wazi kidogo kana kwamba mamba amesikia jambo akataka kujibu. Na juu ya kichwa, kama ilivyo kwenye picha zote, masikio. Mawili, madogo, yamesimama wima kama ya mwanambuzi.

Akina mama wa Huruma wakakimbilia kupiga picha, wote upande wa masikio.

"Hiki ndicho watu hupenda kuliko vitu zote hapa," Shiku akasema. "Mpaka leo tulikuwa tunasema, hatujui nani alichonga, lakini tunajua vitu mbili. Moja, alikuwa fundi. Mbili, hakuwahi kuona mamba."

Wote wakacheka. Baba hakucheka. Akapiga hatua mbele, akavua kofia.

"Mwenye kiti hiki ni mimi," akasema. "Zedekiah Muse. Kipindueni muone."

Fundi wa vibao, mtu wa makamo aitwaye Njogu, aliacha brashi zake akaja kusaidia. Yeye, mimi, Shiku na wanawake wanne wa Huruma wenye nguvu tukakipindua kile kiti polepole. Chini ya tumbo, katikati ya vumbi na nyumba za buibui, namba ilikuwepo. 147. Ilikuwa kombo, tarakimu ya saba imelala kama imelewa, lakini ilikuwepo.

"Moshi uliniingia machoni siku hiyo," Baba akasema kuhusu ule ukombo. Lakini sauti ilikuwa ikimtetemeka kwa furaha, nami machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Akina mama wakapiga vigelegele hadi mabata wakaruka.

Njogu akarudi kwenye kibao, akapaka rangi ya kijani juu ya yale maneno ya zamani, ikakaushwa na jua dakika chache, kisha akachovya brashi nyembamba kwenye nyeupe. Herufi zake zilikuwa nzuri, zimesimama kama askari. KIMECHONGWA NA ZEDEKIAH, akaandika.

Shiku naye akatoa simu. "Guka, sasa tukuchukue video, tuweke kwa ukurasa wetu. Tuambie kitu kila mtu huuliza. Kwa nini masikio?"

Baba alikuwa ameandaa hotuba juu ya mataruma. Hakuandaa juu ya masikio.

"Masikio," akasema. "Unajua, mamba wa zamani walikuwa na masikio."

"Ati?" Shiku akasema.

"Wa zamani sana."

Akina mama wa Huruma wakatazamana. Mmoja wao akasema kwa upole kwamba yeye ni wa zamani kidogo na hajawahi kumwona. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Baba ilikuwa fupi kuliko kawaida.

Ndipo Njogu, aliyekuwa ameacha kibao akachuchumaa karibu na kiti, akaupitisha mkono juu ya mbao. Babake alikuwa seremala, alituambia baadaye, na hawezi kuona mbao bila kuipapasa.

"Mzee, samahani," akasema. "Hapa kuna mikono miwili."

"Mikono miwili vipi?" nikauliza.

"Angalia alama za tezo, ile shoka ndogo ya kuchongea. Hapa mkiani na kwa hii miguu ya nyuma, zinainama upande huu. Hiyo ni ya mtu wa mkono wa kulia. Lakini kuanzia hapa ubavuni mpaka kwa kichwa, zote zinainama upande ule mwingine." Akatuonyesha kwa kidole, na kweli, ukishaambiwa huwezi kuacha kuona. "Huyu wa pili alikuwa wa mashoto."

Nikageuka kumtafuta Mama. Alikuwa ametupa mgongo, amesimama kwenye ua la waridi ndani ya tairi, anakwanyua kijiti. Kwa mkono wa kushoto.

Damu ilinipanda kichwani. Nimesema hasira nilizirithi.

"Baba," nikasema, "nyumbani kwetu ni nani wa mashoto?"

Baba akaketi upande wa mkia, kiti kikiwa bado kimelala ubavu, akageuza kiganja chake cha kulia na kukitazama. Kwenye shina la kidole gumba kuna kovu refu. Nilikua nikiambiwa ni sanduku la stoo lililomwangukia.

"Si sanduku," akasema, kana kwamba amenisikia nikiwaza. "Ni tezo. Taruma lile lilikuwa gumu, likalirudisha tezo likanikata. Nilikuwa nimemaliza mkia na miguu ya nyuma. Mkono ukavimba kama kiazi kikuu. Zimebaki siku kumi na mbili, na nilikuwa nimesema 'leteni' mbele ya mtaa mzima."

Shiku alikuwa ameshusha simu. Baba akamwambia aendelee kuchukua.

"Kwenye kikundi chetu mwanamke alipewa msasa. Tezo halikuwa lake. Wazee walisema mwanamke akishika tezo, mti unapasuka."

"Haukupasuka," Mama akasema kutoka kwenye maua, bila kugeuka.

"Haukupasuka," Baba akakubali. "Alifunga mlango, akafungulia redio sauti ya juu. Wewe, Koki, ulikuwa mgongoni, una miezi minne. Majirani wakisikia mlio wa tezo mchana na jioni wanasema, Zedekiah huyo hachoki. Na Zedekiah amelala kitandani, mkono kwenye beseni la maji ya chumvi, anasifiwa."

Mwanamke mmoja wa Huruma akacheka, akajiziba mdomo. Mama pia alicheka, nikamwona mabega.

"Namba niliichoma mimi," Baba akasema. "Kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana iko kombo. Hata hilo angelifanya vizuri kuliko mimi."

"Kwa nini hukusema?" nikauliza. Nilitaka kuuliza kwa ukali, lakini ukali ulikuwa umeniishia.

"Siku ya kwanza niliona aibu. Siku ya pili mkubwa wa reli akanishika mkono. Baada ya mwaka mmoja ikawa kama kweli. Uongo ukiulisha vizuri, Koki, unakua mpaka unakuita baba."

Kisha akainuka. Akaenda kwa Njogu, akachukua kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, kile cha kufutia brashi. Sikuelewa anataka nini hadi alipofika kwenye kibao. Rangi nyeupe ilikuwa bado mbichi. Mkono wake wa kulia ukatulia kidogo juu ya jina lake, lile jina alilokuja kulitafuta akiwa na suti ya kanisani, jina pekee alilokuwa amebakishiwa Nairobi nzima. Halafu akaanza kulifuta. Alianza na herufi ya mwisho, akarudi nyuma pole pole, hadi ZEDEKIAH yote ikawa doa jeupe kwenye kijani.

"Paka tena hapo," akamwambia Njogu. "Uandike Wayua."

"Wayua nani, mzee?"

"Wayua. Ukitaka jina la pili weka Muse, lakini usianze nalo."

"Na namba?"

"Mia moja arobaini na saba. Ni yake. Mimi ya kufungulia simu nitatafuta nyingine."

Mama sasa alikuwa amegeuka. Alikuwa na kijiti mkononi na hata hakukumbuka kukificha. Macho yake yaling'aa, na kwa muda alionekana kama msichana aliyeitwa mbele ya darasa ghafla.

"Baba Koki," akasema, "na mkia?"

"Mkia una nini?"

"Mkia ni wako. Mimi siwezi kusimama mbele ya watu na mkia wa mtu."

"Hakuna anayepiga picha mkia."

"Fundi," Mama akamwambia Njogu, "andika na mkia."

Njogu akaandika. Kibao hicho kiko pale mpaka leo, nenda ukione mwenyewe: *Kiti cha Mamba. Kimechongwa na Wayua Muse, namba 147, kwa mataruma ya reli, 1979. Mkia umechongwa na Zedekiah Muse.* Akina mama wa Huruma waliposoma mstari wa mwisho walipiga vigelegele kuliko mara ya kwanza, wakamzunguka Mama, wakamkumbatia mmoja mmoja kana kwamba ni harusi. Wanne wenye nguvu wakakisimamisha kiti. Mama akaketishwa kichwani, Baba akaenda kuketi mkiani bila kuambiwa.

Shiku akainua simu. "Sasa shosh, swali ni lako. Kwa nini—"

"Ngoja," Baba akasema. "Hilo niachie mimi." Akamgeukia Mama kutoka upande wake wa mbali. "Nilipoyaona masikio yale nilikufokea. Nilitaka kuyakata, ila msimamizi alifika kabla sijapata msumeno. Nimekaa nayo miaka arobaini na sita, na sijawahi kukuuliza. Mama Koki, kwa nini masikio?"

Mama akaweka kiganja juu ya kichwa cha mamba, katikati ya masikio mawili.

"Ulifikiri sijui mamba hana masikio ya kusimama?" akasema. "Nimezaliwa karibu na mto Athi. Mamba ninawajua kabla sijakujua wewe. Lakini nilikuwa ndani ya chumba kile siku kumi na mbili, mtoto mgongoni, tezo mkononi. Na wewe uko kitandani, na kila jirani akikupongeza kutoka ng'ambo ya ukuta, unaitikia asante. Nikasema moyoni, naishi na mmoja asiyesikia. Sitachonga wa pili."

Akina mama walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Shiku alitikisika hadi video ikaharibika. Hata mimi nilicheka, nikimshikilia Njogu bega nisianguke.

Baba hakucheka. Aliinama kidogo, kofia magotini, kama mtu anayesubiri hukumu imalizike kusomwa. Kisha akainuka mkiani, akapita mgongo wote wa mamba, akaketi karibu na Mama mpaka mabega yakagusana.

"Nimesikia," akasema.

Mama akamtazama kwa pembe ya jicho. Akaokota begi lake, lenye vijiti vyote na bila hata chupa moja ya maji, akampa alibebe. Alimpa kwa mkono wa kushoto, mbele za watu. Baba akalipokea kwa mikono miwili, na juu ya mkono wa kulia hakusema kitu.